Kibao cha Jael Kilichokula Vumbi

"Kama hewa ni ya serikali, basi serikali ivute yote! Sisi tutapumua nini, Majak? Chai?"

"Mathe, usinipigie kelele mbele ya wateja."

"Nitapiga! Leo hata ukizamisha kichwa ndani ya sufuria ya maharagwe utanisikia. Unakula kwangu tangu uanze hiyo kazi yako, mwiba wa samaki ukikukwama mimi ndiye ninayekugonga mgongo, halafu leo unaniambia jiko langu ndilo linaloichafua Juba nzima? Juba nzima, Majak! Na haya malori hapa nje yanatoa nini, marashi?"

Wateja kwenye mabenchi wakaacha kutafuna. Dereva mmoja alisahau kijiko hewani, mchuzi ukamdondokea gotini asijali. Jael, mama mwenye kibanda, akigombana, mtu mwenye akili hali. Anasikiliza kwanza, chakula kitapashwa moto baadaye.

Majak mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mdinka mrefu, kaingia kibandani amejikunja kama kisu cha mfukoni. Alikulia kambini Kakuma, ujana akaumalizia Kitale, na amani ilipotiwa sahihi akarudi kwao na Kiswahili cha stendi za Kenya, kile kinachotembea kimeegemea upande mmoja. Baraza likampa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia: kuchunga hewa. Mama yake alipoambiwa, alilia. Alidhani mwanawe amerogwa.

Lakini hewa ya Juba miaka ile, kabla watu hawajapiga kura ya kuamua kama nchi iwe moja au mbili, ilihitaji mchungaji kweli. Kila mtu alikuwa anajenga, na asiyejenga alikuwa anachoma takataka. Majenereta yalinguruma tangu kucha hadi kuchwa. Na pale Sherikat, ng'ambo ya daraja, ambako malori ya kutoka Uganda hupanga foleni yakingoja kuvuka, vumbi lilikuwa zito hata watu wakilianikia nguo. Majogoo hawakuwika alfajiri, walikohoa, na watu wakaamka vilevile. Kuna mbuzi mmoja alisimama barabarani kufikiri kidogo tu, malori yakapita, akafunikwa akiwa wima. Walipomfukua alikuwa bado anatafuna. Anayebisha akamuulize mbuzi.

Basi baraza likatundika vibao. Kibao ni kipande cha bati, ukubwa wa uso wa mtu mzima, kimepigwa rangi nyeupe na kupakwa mafuta mazito ya kunata. Mwezi ukiandama kinatundikwa kwenye nguzo, kinaachwa. Upepo ukipita na uchafu wake, uchafu unanasa pale kama inzi kwenye asali. Mwezi ukifa, Majak anakishusha, anatundika kingine, na kile cha zamani anakipeleka ofisini kwa mkuu wake, Ustaz Mogga, anayevipanga vyote ukutani na kutazama kipi kimekuwa cheusi kuliko vingine. Penye weusi ndipo baraza litaanza kutibu. Barabara itamwagiwa maji, watu watakatazwa kuchoma chupa za plastiki, wenye majenereta wataambiwa wainue mabomba ya moshi yapite juu ya vichwa vya watu. Mpango mzuri, hauna kasoro, ukiusikiliza umekaa.

Sasa mwezi ule vibao vyote vya mji vilirudi vyeupe kama yai. Kimoja tu ndicho kilichorudi cheusi ti, na hicho kilikuwa kimetundikwa kwenye nguzo ya kibanda cha Jael. Ustaz Mogga akakitazama, akakinusa, akauliza, "Hapo kuna nini?" Akaambiwa kuna mama wa Kenya anapika kwa makaa. "Basi ndiye yeye," akasema. "Ahamishiwe Lemon Gaba." Kuhamisha sufuria ni rahisi kuliko kumwagia maji barabara nzima.

Na Lemon Gaba ni mbali, nyumba moja hapa, nyingine kule, nyasi katikati. Hakuna lori, hakuna dereva, hakuna njaa ya haraka. Kumpeleka Jael akauze chakula kule ni kama kumfungulia kinyozi duka katika nchi ya vipara.

"Lini?" Jael akauliza, mwiko umesimama.

"Wiki hii hii. Siku yoyote Ustaz atakuja mwenyewe kuonyesha vijana waanzie kubomoa wapi."

Jael akakitazama kibanda chake. Nguzo za miti, turubai juu, mabenchi ambayo miguu yake hailingani, jiko la udongo alilolifinyanga kwa mikono yake mwenyewe. Rakuba, wenyeji huita kibanda cha namna hiyo, na wakisema "rakuba ya Jael" hata watu wa forodha wanajua ni wapi. Huyu mama alizaliwa na maswali. Kwao Yala, akiwa mdogo, aliifungua redio ya babake amtafute mtu anayesoma habari. Alikwenda na bakuli la uji, asije yule mtu akatoka humo na njaa. Alichapwa, akauliza mbona kiboko kinalia kabla hakijafika. Wanaume waliokuja kumposa walikimbia maswali, akabaki Alfayo, dereva wa malori, kwa kuwa Alfayo alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kungoja vivuko. Alfayo akaja Juba na shehena ya vitunguu. Jael akamfuata, ati aone ni mji gani huu usiojua kupanda kitunguu. Alfayo siku hizi anaendesha kuelekea Wau, anaonekana barabara ikikauka. Jael alibaki Sherikat, na kibanda ndicho kilichomlisha, ndicho kinachowasomesha watoto walioko kwa bibi yao. Kikibomolewa, hana kingine.

Siku Majak alipokitundika kile kibao, Jael ndiye mtu pekee Juba nzima aliyemuuliza, "Kinakula nini?"

"Hewa, mathe."

"Hewa ina nini ndani cha kuliwa?"

"Ndicho tunataka kujua."

Basi! Umemwonyesha fisi mfupa. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko alikwenda kukitazama kibao kama wenye elimu wanavyofungua gazeti. Kukiwa na upepo wa mashariki kilivaa wekundu. Malori yakikaa foleni na injini zikinguruma, kilipata masizi. Mvua ilipopita kilinasa mabawa ya kumbikumbi, na siku moja unyoya ambao hakuna ndege aliyejitokeza kuudai. Mteja akitaka hata kukigusa, Jael alimrushia donge la unga. "Acha! Bado kinashiba."

Ndiyo maana ugomvi huu ulimuuma mara mbili. Kwanza kibanda. Pili, rafiki yake kibao kumsaliti.

"Na vile vingine," akasema, sauti ikiwa bado juu lakini inaanza kushuka ngazi, "unasema vyote vilirudi vyeupe?"

"Vyeupe, mathe. Nakuapia."

"Hata cha kule Amarat? Kwenye mahoteli, kwenye majenereta makubwa kama nyumba?"

"Hata hicho."

"Hakikuwa hata na mguu wa inzi?"

Majak akakuna kichwa. Akatazama juu. "Sasa hivi unaposema... hapana. Hata mguu wa inzi."

Wateja wakaona jambo la ajabu: hasira ikimtoka Jael kama mvuke unavyotoka kwenye sufuria iliyofunuliwa. Macho yakaanza kumeta. Udadisi ulikuwa umeingia, na udadisi ukiingia kwa Jael, hata njaa inapisha njia.

"Juba haina inzi tangu lini?" akauliza taratibu. Akamkabidhi mwiko yule dereva mwenye mchuzi gotini. "Wewe, songa huu ugali. Ukiungua, utaula mwenyewe. Majak, nyanyuka. Nipeleke nikavione vya mwezi huu."

Walipanda bodaboda moja, wote wawili, miguu ya Majak ikining'inia karibu na ardhi. Mwendeshaji, kijana wa Arua, alilalamika daraja zima: "Nyinyi iko wazito! Pikipiki yangu nalia, sikia!" Jael akamuuliza pikipiki yake inalia kwa lugha gani. Kijana akakaza mwendo mpaka Amarat.

Hotelini waliletewa dada mmoja nadhifu, Daisy, mkuu wa usafi, Mkenya aliyefanya kazi hoteli za pwani kabla ya kufuata mshahara wa Juba. Akawapitisha nyuma, jenereta linanguruma, moshi mweusi unapanda ukutani hata ukuta umekuwa kama mgongo wa chungu. Na katikati ya ukuta huo, kibao cha baraza. Cheupe. Kinameremeta. Utadhani yangeyange ametua kwenye rundo la makaa.

Jael akakisogelea. Akakizunguka kadiri kitu kilichopigiliwa ukutani kinavyozungukika.

"Dada," akasema, "hiki kinaoga?"

"Kila asubuhi, mama," Daisy akajibu, kifua mbele. "Kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Kisha tunakirudishia mafuta, maana mlikileta na mafuta. Kina nembo ya baraza. Wageni wa mashirika wakipita wakikiona kichafu watasema nini? Mimi tangu nianze kazi hii, hakuna mtu amewahi kupitisha kidole mahali pangu akatoka na vumbi."

Majak akashika kichwa kwa mikono miwili. "Daisy! Sisi tunataka vumbi!"

"Mnataka vumbi?" Daisy akamtazama kama mtu anayetafuta simu amwite daktari. "Kaka, liko barabarani. Bure. Kwa nini mlifuate hotelini kwangu?"

Jael akageuka ukutani, mabega yakimtikisika.  Alikuwa anataka kuona kwanza kama ugonjwa huu uko Amarat tu, au umesambaa.

Umesambaa! Lemon Gaba walimkuta Haboba Keji akifagia ua. Haboba ni bibi, kwa Kiarabu cha Juba, na bibi huyu alirudi kutoka kambi za Uganda na ufagio ule ule aliokimbia nao. Ua wake ulifagiliwa hata mchwa waliona haya kupita. Na pale kwenye nguzo ya mlango, kibao kiling'aa kuliko meno yake, ambayo kusema kweli hayakuwa mengi.

"Karibu, karibu!" akaita. "Mtu ya serikali! Kuja kuona kitu yako. Mimi iko nachunga yeye muzuri."

"Haboba," Majak akaanza, sauti imemkauka, "wewe unakipangusa?"

"Asubuhi na jioni." Akashika ncha ya lawo, ile shuka aliyoifunga begani, akawaonyesha jinsi anavyofanya: mate kidogo, sugua, geuza, sugua tena. "Halafu napaka mafuta ya lulu, ile ya mbegu ya mti, asikauke. Serikali naweka kitu yake kwa mlango yangu. Mimi nalala, yeye nachafuka? Watu natasema Keji iko mchafu. Aibu kubwa!"

"Na majirani?" Jael akauliza, akijikaza.

"Wote! Nani anaacha? Hata ile iko kwa njia panda, haina nyumba, sisi naenda napangusa. Ile iko yatima. Haina mama."

Hapo Jael alishindwa. Alikaa chini palepale uani, akacheka mpaka kitenge kikalegea, akacheka mpaka kuku wa Haboba wakahamia kwa jirani. Maskini Majak! Kina mama wa Juba walikuwa wameiosha hewa yote ya mji kwa sabuni na mate, wakaipaka mafuta, wakamkabidhi. Na aliyekuwa mwenye heshima zaidi ndiye aliyeharibu zaidi.

"Kumbe wewe peke yako ndiye hukupangusa," Majak akamwambia njiani. "Kwa nini, mathe? Hukuona aibu?"

"Niliona. Lakini nilitaka zaidi kujua kitajaa mpaka wapi."

Majak hakucheka. 

Waliporudi walimkuta dereva amegeuza ugali kuwa tofali, na wenzake wanauzunguka wakishauriana kama waanze na shoka. Jael akaosha mikono, akaweka maji mapya, akamtengea Majak samaki. Majak hakumgusa. Kwa kijana wa urefu ule kukataa samaki, mtu anatakiwa aogope.

"Sasa utamwambia Ustaz," Jael akasema. "Leo."

"Nimwambie nini? Kwamba natundika vibao na sijawahi kupita katikati ya mwezi hata mara moja kuviangalia? Atanifukuza, mathe. Kazi hii niliitafuta mpaka viatu vikaisha."

"Na usipomwambia nitafukuzwa mimi."

"Kuna njia nyingine." Majak akainama, akashusha sauti. "Pangusa chako pia. Mwezi ukifa kitarudi cheupe kama vingine, Ustaz atasema jiko limejirekebisha, nami nitamwomba akungoje hadi hapo. Kalas, mambo kwisha. Nani atajua?"

Sikiliza, hapo shetani alikuwa amevuta benchi akakaa katikati yao. Kitambaa kilikuwa begani kwa Jael, kibao kiko nguzoni, mwendo wa kunyoosha mkono. Dakika moja ya kusugua na kibanda kinabaki. Jael akakitoa kitambaa begani. Akakikunja. Akakitazama kibao, na madoa yake mapya ya mwezi huu, wekundu chini, weusi juu, na bawa moja la mdudu ambalo jana halikuwapo.

"Nikipangusa hiki," akasema, "na hiki kifua changu kinachopiga filimbi nikilala nikipanguse na nini?"

Majak akamkodolea macho samaki sahanini.

"Vibao vyote vikisema Juba ni peponi, hii barabara itamwagiwa maji na nani? Yule mama wa pale kwenye foleni, mtoto wake anakohoa kama mzee wa ugoro. Utamwambia hewa ni nyeupe?" Akakirudisha kitambaa begani. "Tena sikiliza. Huenda moshi wangu umo humo. Sikatai. Mimi napika, makaa hayatoi mawaridi. Lakini nataka kuujua moshi wangu ni upi na wa lori ni upi. Ukinionyesha kwamba ni wangu, nitainua bomba la jiko hata lifike kwa malaika. Ila nionyeshe! Usinihamishe kwa ushahidi wa vibao vilivyotoka kuoga."

Dereva wa ugali akapiga meza. "Mama amesema!"

"Wewe nyamaza, umeniharibia unga."

Majak akavuta pumzi, pumzi yenyewe ya Sherikat, akakohoa. Kisha akavuta sahani karibu. Akabandua nyama ya samaki kidogo, akaitia mdomoni, na Jael akajua kijana amekubali, maana mwoga hali.

"Sijui nianzie wapi," akasema. "Nikisimama mbele ya Ustaz ulimi unakuwa kama gunia."

"Tujaribu, basi. Mimi ndiye Ustaz." Jael akajitwisha kofia ya dereva mmoja bila kumwomba, akajaza tumbo hewa, akashika mwiko kama fimbo ya cheo, akaketi kwenye benchi refu peke yake. Kibanda kizima kikageuka kutazama. "Ehe! Majak! Umeniletea nini leo?"

"Ustaz, nimekuja kuhusu vibao."

"Vibao vyangu vizuri! Vyeupe! Juba yangu safi!"

"Ndiyo, Ustaz. Hapana, Ustaz. Vilioshwa."

"Vilioshwa?" Jael akayatoa macho, mwiko ukaruka juu. "Na nani?"

"Na kina mama, Ustaz. Wa mji wote. Kwa sabuni, kwa mafuta ya lulu, na kwa mate."

Kicheko kikapasuka kibandani, na Majak mwenyewe akacheka kidogo, mgongo ukaanza kunyooka mpaka kichwa kikagusa turubai. Sauti ikapata nguvu. "Walikuwa wanaiheshimu serikali, Ustaz. Kosa si lao. Kosa ni langu, nilitundika nikaondoka. Kibao kimoja tu ndicho kinachosema kweli, na ndicho hicho unachotaka kukibomolea nyumba."

"Aaa!" Jael akanguruma, akipuliza mashavu. "Na mimi Mogga, mtu mkubwa, nimeandika amri, wino umekauka. Unataka nimeze maneno yangu kavu? Bila hata mchuzi?"

"Ustaz, naomba vibao vitundikwe upya, nami nitapita nyumba kwa nyumba niwaeleze kina mama wasiguse. Halafu tuanze na barabara ya Sherikat, tuimwagie—"

Kicheko cha nyuma kikakatika, ghafla, kama redio iliyong'olewa betri. Madereva walikuwa wamekazia macho mlangoni. Yule mwenye kofia akanyoosha mkono taratibu kuichukua kofia yake kichwani kwa Jael, akaghairi katikati ya njia.

Mlangoni, ameinamia turubai ili aingie, vumbi jekundu mabegani, na nyuma yake vijana wenye nyundo, alikuwa amesimama Ustaz Mogga. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Jael akaushusha mwiko.

"Muimwagie nini?" Ustaz akauliza.

Majak akasukuma sahani kando, akaondoka mezani, akapiga hatua mbele akasimama kati ya nyundo na jiko, akajibu, "Barabara, Ustaz."